Aliyeanzia Utosini

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani, wateja wa kiti chake, na ninyi mliosafiri kutoka mbali, familia inawashukuru kwa kufika, inawaomba walio juani wasogee chini ya turubai, na inawaomba masikio yenu kwa kitambo, ili maisha ya mpendwa wetu yasomwe mbele yenu kama alivyoyaishi, bila kutiwa chumvi na bila kupunguzwa, kwa maana yeye mwenyewe hakupenda kusifiwa kwa jambo ambalo hakulifanya.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Utosi, alizaliwa tarehe 3 Februari 1950, katika nyumba ya vyumba vitatu na uwa iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa seremala aliyekuwa pia mzee wa kanisa, na wa mama aliyefua nguo za watu kwa mikono yake, akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo, na akalelewa zaidi mgongoni mwa kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka sita, na huyo kaka, ndugu waombolezaji, mtavumilia akitajwa mara nyingi katika historia hii, kwa kuwa haikupita siku marehemu asimtaje moyoni.

Kaka huyo alikuwa mcheshi, fundi wa kuiga sauti za watu, hadi majirani walikuwa wakimtuma aigize hotuba ya mwalimu mkuu ili wacheke, lakini alipoanza kuota ndevu akili yake ikaanza kumponyoka, akawa anazungumza na ukuta, anacheka mahali pasipo na kichekesho, na anaogopa mkono wa kila mtu isipokuwa wa mdogo wake, kwa hiyo nywele zake zilipozidi kuwa ndefu ni mdogo mtu aliyemkalisha kwenye ngazi ya uani, akachukua mkasi wa kushonea wa mama yao, akamnyoa polepole huku akimsimulia habari za shule, na hapo, akiwa bado mtoto, akajifunza kichwa cha kwanza katika maisha yake, akajua kwamba nywele za utosini mwa kaka yake zilizunguka mahali pawili, kama maji yanayozama katika matundu mawili, ilhali za watu wengi huzunguka mahali pamoja tu.

Marehemu alianza shule ya msingi mwezi Januari 1958 na kuimaliza mwaka 1964, akiwa hodari wa hesabu na wa kuimba sauti ya pili, ingawa mwalimu wake alimlalamikia kwamba kengele ya mwisho ikilia hangoji hata sala, anatimka kwenda nyumbani, na mwalimu hakujua kwamba nyumbani kulikuwa na mtu anayemngoja kwenye ngazi tangu adhuhuri.

Katika nyumba ile kulikuwa na desturi moja, nayo haikutungwa kwa ukatili bali kwa haya, kwamba wageni wakija kaka mtu apelekwe chumba cha uani, na mlango urudishwe tu bila komeo, kwa kuwa alikuwa mtiifu na hakuwahi kutoka. Jumapili ya tarehe 18 Oktoba 1964 walikuja wazee wa kanisa na mchungaji wa wakati ule, sebule ikajaa, viti vikaazimwa kwa majirani, na baba mwenye nyumba akasoma kwa sauti yake nzuri lile fundisho la Bwana kwamba alikuwa na njaa, alikuwa mgeni, alikuwa uchi, alikuwa mgonjwa, na wako waliompita bila kumtambua, kisha wote wakainamisha vichwa wakaomba sala ndefu, na sala hiyo ikiwa bado inaendelea kaka mtu akafungua mlango, akapita uani, akatoka kwa lango la nyuma, na hakuna aliyejua mpaka mdogo wake alipompelekea sahani ya chakula akakuta chumba kitupu.

Alitafutwa stesheni, hospitali, kituo cha polisi, makaburini, mashambani kwa watu wasiojuana nao, na kila aliyesema amemwona mtu wa namna ile alipewa chai na kusikilizwa mpaka mwisho, lakini miezi ikapita, watu wakachoka, majirani wakaanza kumpa mama pole kama anazopewa mfiwa, naye akazikataa, akasema mwanawe amechelewa tu kurudi. Baba mtu hakulitaja tena jina la mwanawe wa kwanza hadi alipofariki mwaka 1970, lakini tangu Jumapili ile hakuruhusu lango la nyuma lifungwe, hata mwizi alipoingia akachukua masufuria.

Mwaka 1967 marehemu alipelekwa kujifunza kazi kwa kinyozi mmoja mnene, mpenda utani, aliyekuwa na kibanda kando ya stendi ya mabasi, na huko ndiko alikopata jina lake, maana fundi wake alimfundisha kuanzia kisogoni na kupanda, kama vinyozi wote, lakini yeye kila alipokabidhiwa kichwa alianzia utosini, akazichambua nywele kwa vidole, akatazama, kisha ndipo akaanza kunyoa, na fundi wake akimcheka mbele ya wateja, akimuuliza kama huwa anaanza kujenga nyumba kwa kuezeka, naye akijibu tu kwamba ndivyo mkono wake ulivyozoea, na hakuna pale kibandani aliyefahamu kwamba kila kichwa kilichoinamishwa mbele yake alikuwa anakiuliza swali moja.

Mwaka 1974 alifungua duka lake mwenyewe, chumba kimoja mnachokijua, chenye kioo kilichopasuka pembeni, kiti cha kuzunguka kilicholia kama bata, na benchi la wanaosubiri ambalo kwa kweli lilikuwa la wanaobishana, na siku ya Jumatatu, ambayo vinyozi hufunga maduka yao wapumzike, yeye alipakia katika kisanduku mashine ya mkono, wembe, spiriti, sabuni na taulo, akaenda kuwanyoa wale ambao hakuna kinyozi aliyewaita wateja, waliolala kwenye baraza za soko, wazee wa nyumba ya kutunzia wasiojiweza, na wagonjwa wa wodi ya akili ambao ndugu zao walikuwa wameacha kuja. Wapo wateja waliomhama kwa ajili ya Jumatatu hizo, wakisema hawawezi kushiriki wembe na vichaa, na alipowaonyesha kwamba vifaa vya Jumatatu vilikuwa na kisanduku chake hawakuamini, wala hawakugundua kwamba shuka mpya ya kunyolea, nyeupe, isiyo na kiraka, ilikuwa ndani ya kisanduku kile, na iliyo kuukuu ndiyo waliyofungwa wao shingoni.

Katika wodi hiyo ya akili ndimo alimokutana na mwenzi wake wa maisha, aliyekuwa mhudumu wa wodi, na bibi yetu huyu, aliyeketi hapa mbele, amekuwa akisimulia tangu hapo kwamba alipomwona mara ya kwanza, jinsi alivyokuwa anapekua vichwa, alidhani ametumwa na serikali kukagua chawa, akampangia wagonjwa mstari, wakakaguliwa wote, na yeye kijana wa watu akaona haya kumweleza ukweli, mpaka Jumatatu ya tatu alipomweleza habari za kaka yake, na bibi akaenda akamletea stuli ya kukalia, akamshikia taa. Walifunga ndoa takatifu tarehe 6 Agosti 1977, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza akiwa fundi bomba, wa pili mwalimu, na wa tatu mshonaji, pamoja na wajukuu ambao mnawaona wakipanga viti.

Sifa zake zilipoanza kuenea, mchungaji wa usharika wakati huo alimtaja madhabahuni, akawaambia waumini kwamba wakitaka kuona mafundisho ya Bwana yakitembea kwa miguu waende sokoni siku ya Jumatatu, na watu wakapiga makofi, lakini marehemu hakunyanyua uso, na ibada ilipokwisha alimfuata mchungaji chumba cha mavazi, akafunga mlango, akamwambia, "Baba Mchungaji, nakuomba usinisifu tena. Mimi sina huruma kuliko hawa wengine. Mimi namtafuta kaka yangu, na nikishaona siye, moyo wangu unakwenda kwa anayefuata." Mchungaji yule, ambaye naye ametangulia, alikunja kanzu yake, kisha akamjibu, "Basi endelea kumtafuta. Nadhani hivyo ndivyo tulivyoagizwa kumtazama kila mmoja wao, kama mtu aliyepotelewa na ndugu yake." Marehemu alisema jibu hilo halikumtuliza, maana alikwenda kukiri kosa akarudishwa kazini.

Ndipo ikafika Jumatatu ya tarehe 22 Aprili 1996, akiwa nyuma ya maghala ya nafaka, akamkalisha kwenye debe mtu mmoja wa makamo, mkimya, mwenye koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali, akamfunga shuka, akazichambua nywele zake zilizoshikana, na vidole vyake vikakuta utosini mizunguko miwili, kama ile ile, na umri ulikuwa ule ule, na urefu ule ule, na mtu yule hakuuogopa mkono wake. Wauza magunia waliokuwepo walisema mashine ilimwanguka, akaiokota, akajaribu kuendelea, ikashindikana, na baada ya kunyoa nusu ya kichwa akamshika mtu yule mkono, akapita naye katikati ya mji akiwa upande mmoja amenyolewa na upande mmoja ana msitu, bado na shuka nyeupe shingoni, watu wakitoka madukani kucheka, mwingine akiuliza kama Utosi siku hizi ananyoa kwa mkopo nusu nusu, naye hasikii la mtu, na katika furaha ile yote hakukumbuka kumuuliza mtu yule jina lake.

Mama mtu, ambaye macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu na ambaye aliishi na mwanawe, alisikia kelele kabla hawajafika, akaagiza maji ya kuoga yapashwe, akatandikiwa mkeka sebuleni, akaketi, akakiinamisha kichwa kile mapajani pake, akapapasa utosi, akaikuta mizunguko miwili, kisha akateremsha vidole nyuma ya masikio, shingoni, mabegani, akarudi tena masikioni, na mwisho akasema, "Siye huyu." Marehemu alikuwa amesimama mlangoni, na bibi yetu husema kwamba hajawahi kuona uso wa mtu ukizeeka mbele ya macho yake ila siku hiyo, na mgeni mwenyewe akaanza kuinuka ili aondoke, ndipo mama akamkamata koti, akasema, "Siye, lakini maji yamekwisha kuchemka. Mwogesheni, na mumalizie kile kichwa, asitoke kwangu akiwa nusu."

Akaogeshwa, akanyolewa nusu iliyobaki, akala, na giza lilipoanza kuingia bibi akauliza alazwe wapi, mtu mmoja akataja chumba cha uani, na mama akakataa kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake, akasema uani alilala mmoja na ikatosha, huyu atalala sebuleni pamoja na wenye nyumba, na hivyo ndivyo mtu yule alivyolala kwetu usiku wa kwanza, na hajawahi kuondoka, na mama akawaamuru wajukuu wake wamwite Kaka Mkubwa, na ndivyo sisi sote tunavyomwita mpaka leo.

Historia hii isingekuwa ya kweli kama ingesema kwamba marehemu alimpenda siku ile ile. Kwa muda mrefu alikuwa akila amempa kisogo, akitoka dukani anapitia njia ndefu, kwa sababu kila alipouona uso ule palepale aliona mahali ambapo kaka yake hakuwapo, na akamwambia mkewe kwamba ni afadhali angerudi mikono mitupu kuliko kuleta nyumbani kichwa kinachofanana, lakini hakumfukuza, akampeleka kliniki, akamnunulia viatu, akampa ufagio wa dukani, na Kaka Mkubwa akafagia nywele, akawashikia wateja kioo cha kutazamia kisogo, na mteja mgeni akimpongeza marehemu kwa kumpata ndugu yake, Kaka Mkubwa mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema, "Mimi siye yule. Yule bado," kisha anaendelea kufagia. Ni maneno hayo, alivyosema marehemu baadaye, ndiyo yaliyoulegeza moyo wake, maana katika mji mzima, ukimwondoa mama yake, huyu alikuwa mtu pekee aliyeendelea kusema kwamba yule bado.

Mama alilala katika Bwana tarehe 11 Novemba 2003, akiwa ameagiza lango la nyuma lisifungwe, na marehemu akaendelea na Jumatatu zake, hadi siku moja mwaka 2011, akiwa amekaa na mkewe barazani, naye akimpaka mafuta kichwani, mkewe akamtania kwamba utosi wa Fundi Utosi umebaki uwanja wa mpira, naye akacheka, kisha kicheko kikamkatikia midomoni, akajipapasa upara wake, akasema taratibu, "Kaka naye atakuwa hivi. Alama imekwisha kwenda. Sasa mzee yeyote anaweza kuwa yeye." Tangu siku hiyo, ninyi mliomwona kazini ni mashahidi, hakupekua tena kichwa cha mtu, aliketi kwanza, akamtazama mtu usoni, akamuuliza habari zake, akamsikiliza mpaka amalize hata kama maneno hayakuwa na mwanzo wala mwisho, na Jumatatu ikawa haitoshi, akaongeza Alhamisi, na hamu yake ya kaka yake haikupungua hata kidogo, ila ilikuwa imekosa mahali pamoja pa kukaa, ikakaa kwa wote.

Mwishoni mwa mwaka 2018 mikono yake ilianza kutetemeka, daktari akaeleza kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu usio na tiba ya kuumaliza, akaweka wembe chini tarehe 30 Machi 2019, akabaki akikaa kwenye benchi la wabishi akiwaelekeza vijana, na mwezi Mei mwaka huu mapafu yake yakajaa maji, akalazwa hospitali ya wilaya, katika wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha, huku Kaka Mkubwa akishinda kando yake kuanzia mlango wa wageni ulipofunguliwa mpaka alipoombwa kutoka.

Adhuhuri moja, mjukuu mmoja akiwa anakunja mablanketi, marehemu alifumbua macho akamwambia Kaka Mkubwa, "Sikumpata." Kaka Mkubwa akafikiri, kama anavyofikiri kabla ya kila neno, akajibu, "Na mimi kwetu hawajanipata." Marehemu akageuza kichwa kwenye mto, akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza, kwa kuwa katika miaka yote ile waliyokaa nyumba moja, akimtafuta wake, hakuwahi kufikiri kwamba mtu aliyefagia duka lake naye alikuwa na lango alilotokea na watu waliobaki nyuma yake, akamuuliza kwa upole nani angekuwa anamtafuta, na Kaka Mkubwa akasema alikuwa na dada mdogo, mwenye mwanya, aliyekuwa akimpenyezea viazi vya kuchoma chini ya mlango, nyumba yao ilikuwa karibu na kiwanda cha matofali, na kengele ya kiwanda ikilia dada alikuwa anajua ni wakati wa kwenda kuchota maji, zaidi ya hapo hakumbuki. Marehemu alilia, akamwita mwanawe wa kwanza, akamwambia, "Mtafuteni huyo dada. Mwambieni yupo, anakula, ananyolewa. Asikae anavyokaa mtu asiyejua."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka vizuri, na tarehe 5 Juni 2024, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, akiwa na mkewe, watoto wake na Kaka Mkubwa, Bwana alimwita, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa muuguzi aliyemruhusu Kaka Mkubwa kubaki hata kengele ilipolia, inawashukuru majirani mliotupikia na kulala nasi msibani, vinyozi wenzake mliofunga maduka leo ingawa si Jumatatu, usharika, kwaya, na ninyi mliotoka barazani mwa soko mkasimama kule nyuma, ambao mnaombwa kwa heshima msogee mbele, viti vyenu vipo, vimewekwa pamoja na vya ndugu.

Na kwa kuwa hapa wamekusanyika watu wa sehemu nyingi, familia inaomba jambo moja, kwamba kama kwenu kulikuwa na kaka aliyetoka akapotea, karibu na kiwanda cha matofali, na akabaki dada mdogo mwenye mwanya, tafadhali baada ya mazishi uje umtazame huyu aliyeketi mstari wa kwanza, mwenye koti la kijivu, uje bila haya yoyote, hakuna atakayekuuliza mlango ulikuwaje.

Pumzika, Mzee wetu, katika amani uliyoitafuta kwenye vichwa vya watu. Kama huko ulikofika umemkuta ametangulia, mkalishe kwenye ngazi, msimulie yote. Na kama umetazama huku na huku hukumwona, basi usihuzunike, maana yake bado yuko huku kwetu, na sisi hatujaacha kutazama.